Barua ya wazi kuhusu usafiri wa Dodoma: tengeni njia ya basi kabla hifadhi ya barabara haijajaa

Kwa:
Viongozi na watendaji wenye dhamana ya barabara kuu, barabara za mitaa, leseni za usafirishaji, usalama barabarani na mipango miji,
Jiji la Dodoma.

YAH: MABASI YA ABIRIA KUKOSA NJIA, RATIBA NA VITUO KATIKA MAKAO MAKUU YA NCHI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakazi wa Dodoma tunaoishi na jambo hili kila siku: wahandisi wa barabara, wapangaji wa miji, madereva na makondakta wa daladala, wamiliki wa magari na abiria. Tumekwisha kuandika barua za kawaida. Zilipokelewa na kugongwa muhuri, na pale tulipojibiwa tulielekezwa ofisi nyingine, nayo ikaturudisha tulikotoka. Tunaandika hadharani kwa sababu mlango wa ndani umetushinda, na tunaandika kwa heshima ileile tuliyoanza nayo.

Hoja yetu ni moja. Jiji hili linapanua barabara, lakini basi la abiria limeachwa lijitafutie riziki ndani ya foleni. Ardhi ya kulipatia njia yake bado ipo leo. Miaka michache ijayo haitakuwepo, au itapatikana kwa fidia ambayo hakuna bajeti itakayoiweza.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Manispaa ya Dodoma wakati ule. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 86 kwa miaka kumi, na kwa mwendo huo sensa ya 2032 itatukuta tumepita watu milioni 1.4. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba mwaka 2019, takriban kilomita 17 kutoka katikati. Tangu 2024 treni ya SGR inamleta abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne, kisha abiria huyo anasimama nje ya stesheni akisubiri gari lisilo na saa ya kuondoka.

Jambo linalotuuma zaidi ni kwamba Dodoma ilipangwa vingine. Mpango kabambe wa 1976, ulioandaliwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, uliuona mji huu kuwa mji wa mtu anayetembea, anayeendesha baiskeli na anayepanda basi, vitongoji vyake vikiunganishwa na njia za basi. Kwa hiyo hatuombi kitu kigeni. Tunaomba nchi irudi kwenye wazo lake yenyewe.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Barabara kuu nne zinapanuliwa bila basi kutajwa

Dodoma ina miguu minne: Barabara ya Dar es Salaam kupitia Ihumwa na Mtumba, ya Singida kupitia Nala, ya Arusha kupitia Veyula, na ya Iringa kupitia Matumbulu. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 zinaipa barabara kuu hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 60: mita 30 kila upande kutoka katikati. Nafasi hiyo inatosha kila mtu, na tumeipima kwenye karatasi. Kwa upande mmoja, kuanzia katikati kwenda nje: njia ya basi, mita 3.5; ukingo wa kuitenga, nusu mita; njia mbili za magari mengine, mita 3.25 kila moja; ukanda wa miti, mita 3; njia ya baiskeli, mita 2.5; njia ya waenda kwa miguu, mita 3; mtaro, mita 1.5. Jumla ni mita 20.5. Penye kituo ongezeni jukwaa la mita 3, mtafika 23.5. Zinabaki mita 6.5 za mabomba ya maji, nyaya na mkongo wa mawasiliano, ili siku ya kufukua bomba pasiwe na haja ya kukata lami.

Tunapendekeza njia ya basi ikae katikati ya barabara kwa sababu tunajua yatakayoipata ikiwekwa pembeni. Bajaji zitaegesha humo, gari la mizigo litashusha humo, na kila anayekunja kushoto ataizuia. Kuna jambo moja la kiufundi ambalo likikosewa litagharimu sana. Mabasi yetu ya kawaida yana milango upande wa kushoto. Kituo kimoja cha katikati kinachohudumia pande zote mbili kinadai basi lenye milango ya kulia, kama la mwendokasi Dar es Salaam, na basi lenye milango ya kulia tu haliwezi kushusha abiria kwenye kituo cha kawaida huko mtaani. Wekeni jukwaa kushoto kwa njia ya basi, kati yake na magari mengine, na majukwaa ya pande mbili yapishane: kila moja liwe kabla ya makutano kwa basi linalolitumia, ili la kwenda na la kurudi yawe pande tofauti za makutano. Hapo basi lolote zuri linaweza kutumia njia hii leo, na kesho likaendelea hadi Nzuguni ndani au Chuo Kikuu bila abiria kubadilisha gari.

Tunajua katikati ya mji nafasi ni finyu. Huko njia ya basi inaweza kuwa ya upande mmoja, au basi likapewa tu kipaumbele kwenye taa. Lakini nje ya hapo, ambako hifadhi bado iko wazi, hatuoni sababu ya kusubiri.

Kuhusu thamani ya njia hiyo, fanyeni hesabu hii. Njia moja ya lami hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa yakiwa hayasimami. Penye taa, kijani kikipata nusu ya muda, yanabaki 900. Kwa wastani wa watu 1.5 kwa gari dogo, ni watu 1,350. Njia ileile ikipita basi la mita 12 kila dakika mbili, lenye watu 80, inapitisha watu 2,400, na muda mwingi iko tupu, tayari kwa gari la wagonjwa au zimamoto.

2. Dereva anaendeshwa na hesabu ya tajiri, si na ratiba

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, nasi tunaomba mvumilie maelezo marefu kidogo.

Daladala nyingi huendeshwa kwa hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anampa dereva gari asubuhi, jioni anataka kiasi walichokubaliana. Mafuta, mpiga debe na faini vyote vinatoka mfukoni mwa dereva na konda. Kinachobaki ndicho mshahara wao. Ukishaujua mpango huo, kila kero ya abiria inajieleza. Gari halitoki stendi mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu ni hasara ya dereva. Likishajaa halisimami njiani, kwa hiyo abiria wa vituo vya kati analiangalia likipita. Magari mawili ya ruti moja yakikutana yanakimbizana, kwa sababu wa mbele ndiye anayeokota vichwa. Saa nne asubuhi, abiria wakipungua, gari linaegeshwa. Jioni, kule mwisho wa ruti kukiwa na abiria wachache, dereva anakatisha ruti na kuwashusha waliobaki. Usiku haendi kabisa.

Mtumba inalifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi. Asubuhi watu wote wanakwenda mashariki, alasiri wote wanarudi magharibi. Gari linajaa upande mmoja na kurudi tupu upande wa pili. Kwa mpango wa hesabu, dereva mwenye akili timamu atafanya safari moja ya asubuhi kisha ahamie ruti nyingine. Faini haiwezi kubadilisha hesabu hiyo, hata ikiongezwa mara tatu.

Dawa inajulikana: mwenye gari alipwe kwa kilomita alizoendesha kwa ratiba, na nauli iingie akaunti ya pamoja. Mkataba wa namna hiyo unahitaji mambo matano. Kwanza, kiwango cha malipo kwa kilomita kinachopanda na kushuka na bei ya mafuta. Pili, makato kwa kila safari isiyofanyika na kwa kuchelewa kunakozidi dakika tano. Tatu, dereva mwenye mshahara, zamu na likizo. Nne, nauli ya kadi, kama inavyofanyika tayari kwenye kivuko cha Kigamboni. Tano, kifaa cha kufuatilia gari, ambacho mabasi ya mikoani yamekwisha kufungiwa kwa agizo la mamlaka ya usafiri wa ardhini. Vifaa vyote vipo nchini. Kinachokosekana ni mkataba.

Idadi ya magari nayo inahesabika, haihitaji kubahatisha. Chukueni ruti ya mjini hadi Mtumba, kilomita 17. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa, pamoja na kusimama vituoni, safari ya upande mmoja ni dakika 41. Kwenda na kurudi ni 82. Ongezeni dakika 9 za kupumzika kila mwisho, mzunguko mzima unakuwa dakika 100. Ili gari lipite kila baada ya dakika 10, yanatakiwa magari 10 barabarani na mawili ya akiba karakana. Sasa basi likiachwa kwenye foleni na mwendo ukashuka hadi kilomita 17 kwa saa, mzunguko unakuwa dakika 138, na yanatakiwa magari 14 na akiba yake kwa huduma ileile. Yaani foleni imekula magari manne, madereva wake, mafuta yake na matairi yake, na abiria hajapata hata safari moja ya ziada. Ndiyo maana tunasema kutenga njia ni nafuu kuliko kununua mabasi, na kununua mabasi bila njia ni kuyalisha foleni.

Wamiliki wa sasa wasitupwe. Wapewe nafasi ya kwanza kuungana katika ushirika au kampuni na kuomba mikataba hiyo, gari la Hiace likibaki kwenye ruti fupi za mitaani zinazolisha barabara kuu. Bajaji na bodaboda nazo zitengewe maegesho yao mita 30 hivi kutoka kituoni, si mdomoni mwa kituo.

3. Ruti karibu zote zinafia katikati ya mji

Anayetoka Nala kwenda kazini Mtumba anashuka mjini, anatembea hadi gari la pili, analipa nauli ya pili. Magari yote yakigeuzia katikati, katikati panakuwa gereji. Unganisheni ruti mbilimbili: Nala hadi Mtumba, Veyula hadi Matumbulu, na ya tatu kutoka Chuo Kikuu na Hospitali ya Benjamin Mkapa hadi stendi kuu ya mabasi Nzuguni kupitia mjini. Kadi moja iruhusu kubadilisha gari ndani ya dakika 60 bila nauli mpya. Na treni ya SGR inapofika, pawe na basi linaloondoka dakika 10 baadaye, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani.

4. Vituo vinajengwa kwa lami vikaharibika

Pale gari zito linaposimama mara mia kwa siku, lami inasukumwa mbele na kufanya mawimbi. Sababu ni tatu, na zinafanya kazi pamoja: jua la Dodoma linalainisha lami, uzito uliosimama unakaa muda mrefu kuliko unaopita, na dizeli inayodondoka inayeyusha lami yenyewe. Kituo cha basi kubwa kijengwe kwa zege la unene wa sentimita 20 hadi 25, juu ya msingi ulioshindiliwa vizuri, na maungio kila mita 4 hadi 4.5 ili zege lipasuke panapotakiwa. Zege liendelee mita kadhaa kabla na baada ya kituo, kwa sababu breki zinaanza kabla ya kituo.

Kimo cha jukwaa kifuate sakafu ya basi. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee na mtu wa kiti cha magurudumu hawapaswi kupanda ngazi tatu. Njia ya kupandia jukwaani isizidi mwinuko wa sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Kivuli si anasa hapa: bati lenye kina cha mita mbili, na miarobaini ipandwe nyuma yake tangu siku ya kwanza ya ujenzi.

Hapa tuongeze suala la uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Uharibifu wa barabara hukua kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 inaharibu barabara takriban mara mbili ya ile ya tani 10. Mabasi yatakayonunuliwa yapimwe yakiwa yamejaa abiria waliosimama, siyo yakiwa matupu bandarini.

5. Kuvuka barabara kumeachiwa ujasiri wa mtu

Sheria yetu inaweka kilomita 50 kwa saa penye makazi. Kwa mwendo huo, dereva aliyeshtuka anahitaji karibu mita 28 hadi kusimama: mita 14 za kuona na kuamua, 14 za breki. Kwa kilomita 80 anahitaji mita 57. Kwa kilomita 30, mita 13. Tofauti hizo ndizo uhai wa mtoto wa shule. Kila mnapoongeza njia, ongezeni kisiwa cha kupumzikia katikati chenye upana usiopungua mita 2, ili mtu avuke magari ya upande mmoja kwa wakati. Kivuko kiinuliwe usawa wa njia ya miguu, kiwe na taa usiku, na kiwe pale watu wanapovuka tayari, si mita 200 mbele. Madaraja ya kupanda juu yabaki kwa sehemu chache. Mtu mwenye mzigo hapandi ngazi kama chini kuko wazi, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi hata akitaka.

6. Maji na viraka

Dodoma hupata mvua kidogo kwa mwaka, takriban milimita 570, lakini huja kwa vishindo kati ya Desemba na Aprili. Korongo lililokuwa kavu miezi saba linajaa kwa saa moja. Barabara haifi kwa magari peke yake. Inakufa maji yakiingia kwenye msingi, hasa mabondeni penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo uondolewe au ufunikwe kwa kifusi kizuri cha kutosha kabla ya tabaka lolote la barabara, na kalavati zijengwe kwanza, kiangazi, kabla ya tuta. Kalavati lisiwe na kipenyo chini ya sentimita 90. La sentimita 90 mtu anaingia na koleo na kulizibua. La sentimita 60 likishajaa mchanga limekwisha. Mitaro isafishwe Oktoba na Novemba, na mchanga uliotolewa ubebwe siku hiyohiyo, maana ukiachwa ukingoni mvua ya kwanza inaurudisha ndani.

Viraka vinafanywa vibaya na kila mtu anaona. Lami inamwagwa kwenye shimo lenye maji, inakandamizwa kwa tairi la lori, na baada ya mvua mbili imetoka. Kiraka cha haki kina hatua zake. Chora mstatili unaozidi shimo kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande, mpaka penye lami nzima. Kata kingo wima. Toa vyote vilivyolegea na kulowa hadi tabaka gumu na kavu. Rudisha kokoto za msingi kwa matabaka ya sentimita 10, kila moja likishindiliwa kwa mashine. Paka lami nyepesi chini na kwenye kuta za shimo. Jaza lami ya moto kwa tabaka zisizozidi sentimita 7, ya mwisho ikibaki juu kidogo kabla ya kushindiliwa. Ziba mzunguko wa maungio. Mkandarasi alipwe nusu ya pili ya fedha baada ya masika, kiraka kikiwa bado kipo.

7. Ofisi tano, barabara moja

Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, leseni za ruti na nauli kwa LATRA, vituo na masoko kwa Halmashauri ya Jiji, na usimamizi wa sheria kwa Jeshi la Polisi. Kila moja ina mamlaka halali. Lakini kituo kimoja cha basi kinagusa zote, na hakuna inayoweza kukimaliza peke yake. Dar es Salaam ilianzishiwa wakala wake wa mabasi yaendayo haraka mwaka 2007. Hatudai wakala mpya Dodoma kwanza. Tunadai meza moja, yenye mwenyekiti anayejulikana kwa cheo chake, bajeti yake na siku yake ya kukutana na wananchi.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa fedha hazipo. Kuhifadhi ardhi hakuhitaji lami: kunahitaji alama za mipaka, ramani iliyotangazwa na kukataa vibali vya ujenzi ndani ya mita 30. Kuunganisha ruti kunahitaji kubadilisha leseni. Kupanga upya muda wa taa ili mzunguko usizidi sekunde 120, na kipindi cha jioni kitofautiane na cha asubuhi, ni kazi ya fundi mmoja na watu wa kuhesabu magari kwa wiki moja. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, uwekwe mpango wake peke yake, kwa kuwa magari yanaongezeka kila mwaka kipindi hichohicho.

Tutaambiwa barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3 kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, itaondoa foleni. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Itayatoa mjini malori yanayokwenda Rwanda, Burundi, Kongo na Uganda. Lakini mfanyakazi wa Kisasa au Nzuguni anayekwenda Mtumba hatapita Nala. Na kama viwanja vitauzwa kandokando ya mzunguko huo kila kimoja kikiwa na mlango wake barabarani, katika miaka kumi mzunguko huo utakuwa mtaa mwingine wenye foleni. Milango yote iishie kwenye barabara za pembeni, na makutano yawe machache yaliyopangwa.

Tutaambiwa mwendokasi ni wa jiji kubwa na wa Dar es Salaam umekuwa na shida. Shida hizo ndizo somo letu. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9, ilianza kutoa huduma Mei 2016. Karakana yake iliwekwa Jangwani, bondeni, na mafuriko yakaifuata huko mara kwa mara: kwa hiyo karakana ya Dodoma isiwekwe korongoni hata kama kiwanja ni cha bure. Njia ya Mbagala ilikamilika kabla ya mabasi yake kufika: kwa hiyo zabuni ya mabasi itangazwe pamoja na ya barabara. Hatuombi vituo vya vioo. Njia iliyotengwa, zege, bati, kadi na ratiba vinatosha kuanzia.

Tutaambiwa pia madereva wa daladala ni wakorofi. Baadhi yetu tuliotia saini barua hii ni madereva hao. Tupeni mshahara na ratiba, kisha mtupime.

Tunachoomba

(a) Ndani ya siku 60, ramani ya hifadhi ya barabara kuu nne itangazwe, ikionyesha njia ya basi kutoka mjini hadi Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu, na vibali vyote vya ujenzi ndani yake visitishwe.

(b) Mkataba wowote mpya wa kupanua barabara hizo usisainiwe mpaka michoro yake iwe na njia ya basi, majukwaa, visiwa vya kuvukia na vituo vya zege.

(c) Ruti ya mjini hadi Mtumba iwe ya majaribio kwa miezi 12 chini ya mkataba wa malipo kwa kilomita, magari 12, kila dakika 10 kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3:30 usiku. Takwimu za safari zilizofanyika na zilizokosekana zibandikwe vituoni kila mwezi.

(d) Meza moja ya uratibu iundwe na cheo cha mwenyekiti wake kitangazwe.

(e) Usafishaji wa mitaro ukamilike kabla ya tarehe 15 Novemba kila mwaka, na orodha ya kalavati zilizosafishwa itolewe kata kwa kata.

(f) Mkutano wa wazi ufanyike pamoja nasi, michoro ikiwa mezani. Tuko tayari kuja na vipimo vyetu, hesabu za magari na madereva wenye uzoefu wa ruti zote nne, bila malipo yoyote.

Kama kuna ombi lisilowezekana, tunaomba tuambiwe kwa maandishi ni lipi, kwa nini, na ni nani mwenye uwezo wa kuliamua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi, wapangaji wa miji, madereva, makondakta, wamiliki wa daladala na abiria,
Dodoma.

Nakala: Madiwani wa kata zote za Jiji la Dodoma, Wabunge wa Dodoma, vyombo vya habari.